Mapezi ya balsa yasiwe na mistari: jinsi ya kuziba, kupiga msasa na kupaka rangi roketi ya modeli

Kama umeshaunga roketi moja ya modeli utakuwa unajua ninachoongelea. Umekaa nayo wikiendi nzima, umepuliza rangi nyekundu safi, imekauka, bomba limetoka linang'aa kama sahani mpya halafu mapezi yana mistari mistari utadhani mkeka. Ile mistari ni ya mbao yenyewe na ukiongeza rangi haiondoki, unapuliza koti la pili, la tatu, la nne, na ndiyo kwanza inazidi kuonekana kwa sababu rangi ya kung'aa inashika mwanga kwenye kila kibonde na kila kituta. Kwa hiyo naomba ulishike hili kabla ya mengine yote: kazi ya mapezi inaisha kabla hujagusa kopo la rangi, na sehemu kubwa inaisha kabla hata hujayabandika kwenye bomba, wakati bado yamelala mezani na unaweza kuyageuza unavyotaka.

Mimi naishi Minnesota na niliingia kwenye hii hobi kwa sababu ya binti yangu, alirudi na roketi ya kuunga akataka tukae wote mezani, na toka hapo tumeunga nyingi tu. Mfano wangu hapa utakuwa Alpha, roketi ya kuunga ya kampuni ya Estes, kwa sababu wengi wanaanzia nayo: ni kiroketi cha sentimita 31 hivi, bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo karibu milimita 25, na mapezi matatu ya balsa. Lakini haya nitakayosema yanafaa roketi yoyote yenye mapezi ya balsa, iwe ya kununua au umeyachora na kuyakata mwenyewe.

Kwanza ielewe mbao yenyewe. Balsa ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, nyingi inayouzwa duniani inatoka Ekwado, na unakua kwa kasi sana, miaka sita mpaka kumi hivi unavunwa. Mti unaokimbia hivyo unajenga seli kubwa kubwa zenye kuta nyembamba zilizojaa maji, na mbao ikikaushwa maji yanaondoka unabaki na kitu chepesi ambacho ndani ni uwazi mtupu. Kwa Kihispania balsa maana yake ni chelezo, na ukiishika mkononi unaelewa kwa nini, inaelea kama hakuna kitu. Sasa ile mistari unayoiona ni mirija ya mti iliyokuwa inapandisha maji, mbao ikichanwa mirija inabaki wazi kama vimfereji vidogo kwenye uso wa pezi. Rangi ya kupuliza ni nyembamba mno haiwezi kujaza mfereji, inaufuata tu mpaka chini. Ndiyo maana lazima uujaze na kitu kingine kwanza.

Tukiongelea pezi nitatumia majina haya ili tusipotezane: ukingo wa mbele ni ule unaokata hewa roketi ikipanda, ukingo wa nyuma ni ule unaoangalia chini kwenye injini, ukingo wa nje ni ule wa mbali na bomba, na ukingo wa bomba ni ule utakaobandikwa.

Kabla ya kuziba chochote angalia nyuzi za mbao zimelala vipi. Zinatakiwa zifuate ukingo wa mbele, ziende nao sambamba. Zikienda sambamba na bomba pezi litavunjika siku roketi ikitua vibaya, linakatika pale pale kwenye gundi kama biskuti. Kwenye vifaa vya kununua hili wameshakupangia ila ukikata mwenyewe ni juu yako, na hakuna fila (ile dawa ya kuzibia mbao) wala rangi itakayookoa pezi lililokatwa kinyume.

Kama mapezi yamekatwa kwa leza utaona kingo zina rangi ya kahawia, zimeungua. Piga msasa kidogo hiyo kahawia itoke hasa ule ukingo wa bomba, gundi haishiki vizuri kwenye mbao iliyoungua. Halafu yapange mapezi yote pamoja kama karata, yagonge mezani yalingane, yafunge na kipande cha tepu ya karatasi na upige msasa kingo zote kwa pamoja mpaka yawe sawasawa kabisa. Dakika tano tu. Mapezi yasiyolingana ni roketi inayopanda huku inajizungusha, na hata ikiwa imesimama kwenye shelfu jicho linaona.

Msasa usiushike kwa vidole vitupu. Uzungushie kwenye kipande cha mbao kilichonyooka au kibao chochote kinachokaa vizuri mkononi, kwa sababu balsa ina sehemu laini na sehemu ngumu zikipishana na kidole kinazama kwenye laini kinaacha mabonde, unaongeza tatizo badala ya kulipunguza. (Msasa wenyewe, kwa asiyejua, ni mti, majani yake yanakwaruza ajabu, na watu wetu walikuwa wanasugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani. Binti yangu nilipomwambia alifurahi sana, kila mara sasa anauliza "baba leta jani".)

Umbo la kingo lifanye sasa hivi, kabla ya kuziba. Mimi ukingo wa mbele naufanya mviringo, ukingo wa nyuma nauchonga uwe mwembamba taratibu kwa msasa namba 220 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), ukingo wa nje unaweza kuuacha bapa au ukauviringa kidogo, na ukingo wa bomba hauguswi, ubaki bapa na wa pembe mraba. Pezi lenye kingo za mraba linavuta hewa nyuma yake na kuiyumbisha, lililochongwa linapita laini, na kwa kiroketi kidogo kinachorushwa na injini ndogo, zile za daraja la A au B, unaweza kuona tofauti ya kimo. Kama unaunga na mtoto wa miaka saba na amechoka, viringa ukingo wa mbele tu yatosha, roketi itapanda vizuri.

Sasa kuziba. Njia ninayoipenda na ninayomshauri kila mtu aanze nayo ni fila ya mbao ya maji, ile ya kopo la plastiki ambayo mafundi wanazibia matundu ya misumari. Iwe ya maji kweli, soma kopo, ikisema unasafisha mikono na thina siyo yenyewe. Huku Marekani watu wa roketi wametumia miaka mingi ile ya Elmer's lakini yoyote ya maji iliyo laini isiyo na chembechembe itafanya kazi.

Ukiipaka kama ilivyotoka koponi ni nzito, inakaa juu ya mifereji inaifunika mdomo tu, na ukipiga msasa inabanduka unabaki na vitundu. Inabidi uilegeze. Chukua kijiko kimoja weka kwenye kikopo kidogo, tia maji matone machache, koroga, tia mengine, koroga, mpaka iwe kama uji wa mtoto. Ukiinua kijiti inashuka taratibu, haidondoki mabonge wala haichuruziki kama maziwa. Nimejaribu nyembamba zaidi, maji yanakuwa mengi mbao inalewa. Nimejaribu nzito zaidi, alama za brashi zinabaki unakuja kuzisaga nusu saa nzima. Ule uji ndio wenyewe.

Kabla ya kupaka chukua pini mbili za kushonea zichomeke kwenye ukingo wa bomba, zizame kidogo tu. Hizo ndizo mikono yako. Unalishika pezi kwa pini, unapaka pande zote mbili na kingo zote isipokuwa ule wenye pini, halafu unazichomeka pini kwenye kipande cha sponji au boksi pezi linasimama lenyewe linakauka pande zote bila kugusa kitu. Paka kwa brashi laini, kwanza kukata nyuzi ili uji uingie kwenye mifereji, halafu malizia kwa kufuata nyuzi ili ulale vizuri.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Pande zote mbili, mkao mmoja. Usipake upande mmoja ukaenda kulala ukisema wa pili kesho. Mimi nilifanya hivyo kwenye mapezi yangu ya kwanza kabisa, nilipaka upande wa juu vizuri nikayalaza kwenye gazeti, asubuhi nimekuta yote matatu yamejikunja kingo juu kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Sababu ni kwamba maji yanaingia upande mmoja mbao inavimba upande huo, halafu fila ikikauka inasinyaa na kuvuta, na balsa ya milimita mbili na nusu haina nguvu ya kubishana na mvuto huo. Ukipaka pande mbili kila upande unavuta kwake na pezi linabaki katikati limenyooka.

Ikikutokea usiyatupe. Chemsha maji kwenye birika, lipitishe pezi kwenye mvuke pande zote mpaka lilainike kidogo, angalia tu vidole visiungue, halafu liweke katikati ya karatasi za nta zile za jikoni, juu yake vitabu vizito, na uliache usiku kucha. Mengi yanarudi. La kwangu moja lilirudi nusu nikalipitisha mvuke tena siku ya pili likanyooka, na lile pezi bado lipo kwenye roketi mpaka leo.

Huku kwetu wakati wa baridi hita zinakausha hewa ya nyumbani mno, koti la fila linakauka ndani ya saa moja, lakini hata wewe ulipo pwani kwenye unyevu subiri mpaka iwe nyeupe kote na ukiigusa kwenye shavu isiwe na ubaridi. Ubaridi maana yake maji bado yamo ndani. Kidole kinadanganya, shavu halidanganyi.

Ikikauka, vaa barakoa. Vumbi la fila na balsa ni jepesi linaelea muda mrefu, na kama mtoto yupo mezani na yeye avae. Chukua msasa namba 220, kibao chako, laza pezi kwenye meza iliyonyooka na uanze kusugua kwa kufuata nyuzi, mkono mwepesi. Watu wengi hapa wanaogopa kuondoa fila waliyoiweka na wanaacha koti zima juu, kumbe karibu yote inatakiwa iondoke. Unachotaka kibaki ni ile iliyozama ndani ya mifereji tu. Utajua umefika pale mbao inapoanza kuonekana tena, rangi yake ya maziwa ya chai inatokeza kati ya vimstari vyeupe vya fila, pezi lote lina milia myembamba. Ukiona milia hiyo simama. Ukiendelea unaanza kula mbao mpya na unafungua mirija mipya, kazi inarudi mwanzo.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, au brashi kavu, halafu koti la pili, tena pande zote mbili. Safari hii sugua na namba 320. Mara nyingi makoti mawili yanatosha, balsa laini sana yenye mirija mikubwa inataka la tatu, malizia na namba 400. Kupima, zima taa ya juu, washa tochi ya simu, ilaze pembeni ya pezi ili mwanga upite juu yake ukiwa chini chini kabisa, hapo kila mfereji uliobaki unatoa kivuli. Kwa taa ya dari hutaona kitu utadhani umemaliza. Halafu fumba macho pitisha kucha kwa kukata nyuzi, isikwame popote. Tochi na kucha zikikubali basi na rangi itakubali.

Hiyo ni njia moja na kwa wengi inatosha. Ila kuna njia nyingine na kila moja ina wapenzi wake, nitaeleza zile ninazozijua kwa mikono yangu.

Ya wazee ni sila ya kupigia msasa, sanding sila, ile ya jamii ya laka. Hobi hii ilianza Marekani miaka ya 1950, Orville Carlisle aliyekuwa na duka la viatu mji wa Norfolk, Nebraska alitengeneza roketi ya modeli mwaka 1954, halafu Vern Estes mwaka 1958 akaunda mashine ya kutengeneza injini zake kwa wingi kule Colorado, na kwa miongo kadhaa ukisoma maelekezo ya roketi za balsa unaambiwa paka sila, piga msasa, paka tena, piga tena. Inafanya kazi vizuri sana, inaingia ndani ya mbao na kuifanya iwe ngumu kidogo, haina maji kwa hiyo haivimbishi, ingawa na yenyewe ikikauka inavuta kwa hiyo sheria ya pande mbili iko pale pale. Lakini makoti ni mengi, manne mpaka sita, na harufu ni kali inaingia kichwani, fanya nje au kwenye gereji mlango wazi na mbali kabisa na jiko au moto wowote. Nyumba yenye watoto wadogo mimi siitumii.

Nyingine ni kuvisha pezi karatasi, na hii nakuambia ukweli imenibadilisha, siku hizi karibu roketi zangu zote kubwa nazivisha. Unachukua karatasi ya kawaida ya printa, unaikata iwe kubwa kuliko pezi mara mbili, unaikunja katikati, na ule mkunjo unakaa kwenye ukingo wa mbele ili karatasi ilizunguke pezi kama jalada la daftari. Gundi ya mbao iwe nyembamba sana, itandaze kwa kadi ya plastiki ya zamani mpaka ukiona mbao kupitia gundi, bandika, bonyeza kutoka katikati kwenda nje hewa itoke, halafu weka kwenye karatasi za nta chini ya vitabu mpaka kesho yake. Ukitoa unakata karatasi iliyozidi kwa wembe, kingo unazipitishia supagluu ile nyepesi kidogo, inaingia kwenye karatasi inakuwa ngumu, unapiga msasa zinalainika. Hakuna mifereji ya kuziba tena, uso ni karatasi, na pezi linakuwa imara mara kadhaa kuliko balsa tupu. Gundi isizidi lakini, ikizidi maji yake yanalikunja kwa namna ile ile ya fila. Kuna wanaotumia karatasi za stika badala ya gundi, ni haraka na hakuna maji, ila kingo zisipopigwa supagluu zinafunguka baada ya muda.

Supagluu peke yake juu ya pezi lote nimeijaribu. Inafanya balsa iwe kama plastiki lakini moshi wake unauma macho, na sehemu iliyokunywa nyingi inakuwa ngumu kuliko jirani yake, ukipiga msasa unapata mabonde. Naibakiza kwa kingo na pembe za nje zinazogonga chini roketi ikitua. Vaa miwani, fungua dirisha, na kamwe usiifute kwa pamba, supagluu ikikutana na pamba inachemka inaweza kukuunguza.

Haya, mapezi yako tayari, sasa kuyabandika. Chomoa pini, na huo ukingo wa bomba uhakikishe ni mbao tupu, kama fila imefika pale isugue yote itoke. Gundi inatakiwa inywewe na mbao, ikikuta fila imeshika fila, na fila inabanduka. Kwenye bomba pia, chora mistari ya mapezi kwa penseli halafu kwaruza kwa msasa pale pale kwenye mstari, bomba hizi zina ngozi inayong'aa na gundi haiipendi. Mimi napaka gundi ya mbao nyembamba kwenye ukingo na nyembamba kwenye mstari wa bomba, naacha ikauke kabisa, halafu napaka tena kidogo kwenye ukingo wa pezi na kulibonyeza. Linashika ndani ya nusu dakika, huna haja ya kusimama unalishikilia, na muungano wake ni imara kuliko ungepaka mara moja.

Ikishakauka vizuri kuna ule mfinyango wa gundi kwenye kona ambapo pezi linakutana na bomba, yaani kona isiwe kali iwe imepinda kama ndani ya bakuli. Laza roketi, kona iangalie juu, mimina mstari mwembamba wa gundi, pitisha kidole kilicholowa maji mara moja tu, ondoa iliyozidi, na uiache imelala mpaka ikauke kabla ya kugeuza upande mwingine. Usiisimamishe kwa sababu gundi inashuka inakusanyika nyuma. Na usijaze kwa mara moja, gundi ya mbao inasinyaa ikikauka na ikiwa nene inatoa vitundu vya hewa, bora mara mbili nyembamba. Gundi nzito ya mbao isiyochuruzika, kama ile Titebond nene, inarahisisha sana hapa.

Kuhusu uzito, maana najua kuna mtu atauliza. Kila unachoongeza kwenye mapezi unakiongeza nyuma ya roketi, na roketi inataka uzito wake ukae mbele. Kuna sehemu mbili, ile ambayo ukiiweka juu ya kidole inabalansi, na ile ambayo nguvu ya hewa inakusanyika, hii ya pili mhandisi James Barrowman alitoa hesabu zake mwaka 1966 na programu za kompyuta bado zinazitumia. Ile ya kubalansi inatakiwa iwe mbele ya ile ya hewa kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba, kwa Alpha ni milimita 25 hivi, na upime injini ikiwa ndani. Fila iliyosagwa vizuri haiongezi kitu cha kukuogopesha. Karatasi na gundi, makoti mengi ya praima (rangi ya chini inayotangulia), mfinyango mnene wa kona, hivyo vikijumlishana vinaweza kuisogeza ile ya kubalansi nyuma. Ukiona imesogea weka udongo wa kuchezea kidogo ndani ya pua.

Sasa praima. Tafuta ile nzito, praima ya kujazia ambayo wapaka rangi wa magari wanaitumia juu ya bodi iliyonyooshwa, ya kijivu, kwa sababu inamaliza mikwaruzo midogo iliyoachwa na msasa. Sentimita 25 mpaka 30 kutoka kwenye roketi, anza kupuliza ukiwa nje ya pezi, pita, achia ukiwa umeshavuka upande wa pili, makoti mepesi. Ikikauka sugua na namba 400, na tena usiogope, igeuke vumbi karibu yote. Mimi huwa napuliza koti la ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima ya kijivu kabla ya kusugua. Nyeusi ikibaki mahali ujue hapo ni bonde msasa haujafika, na panapotokea mbao ujue ni tuta. Puliza tena, sugua tena. Ukifika mahali nyeusi yote inaondoka pamoja na kijivu kinabaki kizima umemaliza kweli kweli. Usitumie maji kwenye msasa kama hujazoea, yakiingia kwenye mdomo wa bomba la karatasi linavimba na halirudi.

Rangi yenyewe ni sehemu fupi. Tumia praima na rangi za aina moja, ikiwezekana kampuni moja, laka na enameli kwa mfano ni aina mbili tofauti, laka ukiipuliza juu ya enameli inakunjamana kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka na hakuna dawa zaidi ya kusugua yote. Soma kopo linasemaje kuhusu koti la pili, mengi yanataka upulize ndani ya saa 1 au usubiri siku mbili, katikati ya hapo ndipo rangi inapokunjamana. Siku ya unyevu mwingi acha, rangi inaota ukungu mweupe. Siku ya baridi liweke kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache, uvuguvugu siyo moto, rangi inatoka laini zaidi. Nyeupe kwanza kisha nyekundu au njano juu yake, zinawaka vizuri kuliko juu ya kijivu. Na isubiri mpaka ukiinusa haina harufu kabisa ndipo ubandike stika.

Ikirudi kutoka kurushwa ikaguliwe pembe za nje za mapezi, ndizo zinazopiga chini. Pembe iliyobonyea usiikate, dondosha tone moja la supagluu nyepesi inywe, ikikauka jaza bonde na fila kama ilivyotoka koponi bila kuilegeza, sugua na 320 kisha 400 ukizungushia tepu ya karatasi sehemu nzima isikwaruzwe, praima kidogo, na rangi kidogo uliyoipulizia kwenye kifuniko ukaichovya kwa brashi ndogo.